Funguo Mikononi mwa Wenyewe: Makazi ya Watu wa Asili Mijini

Katika nchi tajiri zilizojengwa na walowezi kutoka Ulaya, yaani Kanada, Marekani, Australia na Nyuzilandi, miji mikubwa ina maelfu ya watu wanaolala katika mabweni ya dharura, ndani ya magari, chini ya madaraja au kwa zamu katika vyumba vya jamaa, na katika kila mojawapo ya nchi hizo watu wa asili ni wengi mno miongoni mwao kuliko idadi yao katika taifa inavyoweza kueleza. Watu wa asili ni jamii zilizokuwa zikiishi katika ardhi hizo kabla ya walowezi kufika na kuitwaa. Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba mipango ya makazi inayoongozwa na jamii hizo zenyewe haistahili kuchukuliwa kama tawi dogo la huduma za ustawi linaloongezwa kwa ajili ya heshima, kwa sababu anayetunga masharti ya nyumba ndiye anayeamua kama mtu aliyepewa ufunguo ataendelea kukaa au atarudi mtaani baada ya miezi michache.

Mfano utakaochunguzwa kwa karibu zaidi ni wa Kanada. Katiba ya nchi hiyo inatambua makundi matatu ya watu wa asili: Mataifa ya Kwanza, ambayo ni mataifa mengi yenye lugha na tawala zao, Wainuit wa kaskazini ya mbali, na Wametis, taifa lililotokana na ndoa kati ya wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi za wanyama kutoka Ulaya. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wa asili milioni 1.8, sawa na asilimia 5 ya wakazi wote, na zaidi ya 800,000 kati yao waliishi katika miji mikubwa. Mji wenye idadi kubwa kuliko yote ni Winnipeg, makao makuu ya jimbo la Manitoba, ambako takriban mkazi mmoja kati ya wanane ni mtu wa asili, lakini hesabu za watu wasio na makazi zilizofanywa mjini humo mwaka 2018 na 2022 zilionyesha kwamba watu wa asili walikuwa takriban theluthi mbili ya waliohesabiwa.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya, wala haitokani na tabia ya mtu mmoja mmoja. Sheria ya mwaka 1876 iliyowahusu wale walioitwa Wahindi iliyaweka Mataifa ya Kwanza chini ya usimamizi wa maofisa wa serikali katika maeneo yaliyotengwa, ambayo mara nyingi yalikuwa madogo na mbali na masoko, na hadi leo maeneo mengi ya namna hiyo yana uhaba mkubwa wa nyumba na msongamano unaowasukuma vijana kwenda mjini. Watoto wapatao 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa, ambako walikatazwa lugha zao na kutengwa na wazazi wao, na shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960 idara za ustawi wa jamii ziliwachukua watoto wengine wengi na kuwapeleka kulelewa katika familia zisizo za asili, na mtindo huo haujakoma, kwani sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa asili walikuwa asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini walikuwa asilimia 53.8 ya watoto waliokuwa katika malezi ya kambo. Kijana anayetoka katika malezi hayo anapofikia utu uzima huingia mjini bila mzazi wa kumdhamini kwa mwenye nyumba, bila shangazi wa kumlaza sebuleni, na mara nyingi bila kujua ukoo wake uko wapi.

Historia hiyo ndiyo iliyomfanya mwanazuoni Jesse Thistle, Mmetis mwenye asili ya Wakrii, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuishi mitaani kwa miaka mingi, aandike mwaka 2017 maelezo mapya ya maana ya kukosa makazi kwa watu wa asili wa Kanada. Maelezo hayo, aliyoyaandaa kwa kushauriana na wazee na wataalamu wa jamii hizo, hayasemi kwamba asiye na makazi ni yule asiye na paa tu, bali yanataja sura 12 za hali hiyo, zikiwamo kuondolewa katika ardhi ya mababu, kutengana na ukoo, kupoteza lugha na ibada, na msongamano wa watu katika nyumba moja. Mojawapo ya sura hizo inamhusu mtu anayerudi kijijini kwao baada ya kulelewa mbali au baada ya kifungo, akakuta kwamba hana nyumba, hana kazi na hana anayemtambua, hata ikambidi arudi mjini akiwa amekosa makazi mara mbili. Maelezo ya namna hiyo yana matokeo ya kivitendo, kwa sababu mpango unaochukua kukosa makazi kuwa ni kukosa paa utatafuta vyumba na kuhesabu vitanda, ilhali mpango unaochukua kukosa makazi kuwa ni kukatika kwa uhusiano utalazimika kutafuta vyumba na pia watu.

Upande wa Marekani unaonyesha kwamba miji yenyewe ilijengwa kwa kuwatoa wenyeji. Mji wa Seattle ulipewa jina la kiongozi wa Waduwamish na Wasuquamish, lakini mwaka 1865 baraza la mji huo lilipitisha amri iliyowakataza watu wa asili kukaa mjini isipokuwa wale walioajiriwa na kupewa malazi na waajiri wao. Takriban karne moja baadaye, kwa sheria ya mwaka 1956, serikali ya Marekani iliwahimiza watu wa asili waondoke katika maeneo yaliyotengwa na kuhamia mijini kwa ahadi za kazi na mafunzo, ahadi ambazo kwa wengi hazikutimia. Mwaka 2022 shirika la watu wa asili liitwalo Chief Seattle Club, lililoanzishwa mwaka 1970, lilifungua katikati ya mji huo jengo la nyumba 80 liitwalo ʔálʔal, neno la lugha ya wenyeji wa hapo lenye maana ya nyumbani, likiwa na kliniki ya afya na mkahawa katika sehemu yake ya chini. Jengo hilo limesimama katika mtaa wa Pioneer Square, kitovu cha mji wa zamani ule ule uliotunga amri ya kuwafukuza, na kwa hiyo ni makazi na pia ni dai la haki lililokubaliwa kwa kuchelewa sana.

Wazo la watu wa asili kuongoza makazi yao mijini halikuanza katika karne hii. Huko Winnipeg, watu waliokuwa wakikutana katika kituo cha urafiki, yaani jumba la jamii linalowapokea watu wa asili wanaoingia mjini, ambalo lilifunguliwa mwaka 1959 na kuwa la kwanza la aina yake Kanada, waliona kwamba familia zilizotoka vijijini zilikuwa zikinyimwa nyumba kwa sababu ya sura zao au zikipangishwa vyumba vibovu kwa bei ya juu. Mwaka 1970 likaanzishwa shirika la Kinew Housing, la kwanza nchini humo la nyumba za mijini kumilikiwa na kuendeshwa na watu wa asili. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleweka: lilikopa fedha, likanunua nyumba zilizokwisha kutumika zilizotawanyika katika mitaa ya kawaida, likazikarabati, kisha likazipangisha kwa familia za kipato cha chini kwa kodi inayolingana na uwezo wao. Mashirika yaliyofuata mkondo huo yaliajiri washauri wa wapangaji, watu wa jamii hiyo hiyo ambao walimsaidia mgeni kujaza fomu za shule, kuelewa ankara ya gesi na kuzungumza na jirani mwenye malalamiko kabla malalamiko hayo hayajawa notisi ya kuhama.

Mfano huo ulienea baada ya serikali ya shirikisho kuanzisha, mwaka 1978, mpango wa makazi ya watu wa asili mijini. Chini ya mpango huo mpangaji alilipa sehemu ya kipato chake, kwa kawaida robo, na serikali ikalipa pengo lililobaki kati ya kodi hiyo na gharama halisi za mkopo, ukarabati na uendeshaji. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba zilizojengwa au kununuliwa kwa njia hiyo zilikuwa zimefikia takriban 10,000 nchi nzima. Kisha bajeti ya mwaka 1993 ikasitisha fedha za nyumba mpya za jamii, na pigo hilo liliwaangukia watu wa asili kwa uzito wa pekee, kwa kuwa idadi yao mijini ilikuwa ikiongezeka kwa kasi wakati ule ule ambapo ujenzi ulisimama. Hata nyumba zilizokuwapo ziliingia mashakani, kwa sababu mikataba ya ruzuku ilifungamanishwa na muda wa mikopo, na mkopo ulipomalizika ruzuku nayo ilikwisha, huku nyumba ikiwa imezeeka na mpangaji akiwa bado maskini. Shirika lililojikuta katika hali hiyo lililazimika kuchagua kati ya kupandisha kodi, kuuza baadhi ya nyumba ili litengeneze nyingine, au kuziacha zichakae.

Msikilizaji anaweza kuuliza ni kitu gani hasa kinachofanywa tofauti ndani ya nyumba hizo, na jibu linaonekana vizuri katika mambo mawili madogo, moshi na wageni. Katika mila za mataifa mengi ya asili ya Amerika ya Kaskazini mtu husafisha nafsi na makao yake kwa kufukiza majani makavu yenye harufu, kwa kiasi kidogo ndani ya kombe au bakuli, jambo ambalo halitamshangaza mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki aliyezoea chetezo na ubani. Katika jengo la kawaida la kupangisha mkataba unakataza moshi, kengele ya moto inalia, jirani analalamika na mpangaji anaandikiwa onyo, kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba amepewa makazi anagundua kwamba sala yake ni kosa la upangaji. Skwachàys Lodge ya Vancouver, jengo lililofunguliwa mwaka 2012 likiwa na nyumba 24 za wasanii wa asili, lilibuniwa tangu mwanzo likiwa na chumba cha kufukizia chenye mfumo wake wa kutoa hewa, na juu ya paa kikajengwa kibanda cha ibada ya mvuke, ambamo maji humwagwa juu ya mawe yaliyopashwa moto ili washiriki waombe na kujitakasa. Hakuna mchoraji wa majengo ambaye angeviweka vitu hivyo katika ramani kama watoaji wa kazi wasingekuwa watu wanaovihitaji.

Suala la wageni ni gumu zaidi. Wagonjwa kutoka vijiji vya kaskazini ya Manitoba husafirishwa hadi Winnipeg kwa matibabu ambayo hayapatikani kwao, na binamu, shangazi au mpwa anayefika mjini kwa ajili ya hospitali au mazishi hutarajia kupokewa na ndugu mwenye chumba, naye ndugu huyo akimfungia mlango ataonekana amevunja udugu. Mkataba wa kawaida wa upangaji huweka ukomo wa siku ambazo mgeni anaweza kulala, na mwenye nyumba anayefuata karatasi ataona msongamano, kelele na uvunjaji wa masharti pale ambapo familia inaona wajibu. Aliyewahi kuishi pande zote mbili anajua kwamba wageni wanaweza kweli kumfanya mpangaji aliyetoka mtaani apoteze nyumba yake, hasa wanapokuja na pombe au madeni, lakini anajua pia kwamba upweke humrudisha mtaani kwa haraka ile ile. Ndiyo maana katika mipango inayoongozwa na watu wa asili swali la wageni huzungumzwa mapema, pamoja na wazee na washauri, ili mpangaji asaidiwe kuweka mipaka ambayo jamaa zake wataiheshimu, na inapowezekana nyumba zenye vyumba vya kutosha hutengwa kwa familia pana. Wahenga wa Kiswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na usemi huo unaeleza kwa ufupi kwa nini kanuni za nyumba hizi hutungwa vizuri zaidi na watu waliowahi kuziishi.

Jambo hili lilipimwa pia kwa njia ya utafiti. Kati ya 2009 na 2013 Kanada iliendesha jaribio kubwa katika miji mitano, ikiwamo Winnipeg, lililowahusisha watu zaidi ya 2,000 wasio na makazi wenye maradhi ya akili, ili kupima njia iitwayo Makazi Kwanza, ambayo ilianzishwa New York mwaka 1992 na mwanasaikolojia Sam Tsemberis. Njia hiyo humpa mtu nyumba ya kudumu mara moja bila kumtaka kwanza aache pombe au akubali matibabu, kisha huduma humfuata nyumbani kwa hiari yake. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti huo, asilimia 62 ya waliopewa makazi kwa njia hiyo walikuwa wamekaa ndani ya nyumba muda wote, wakati miongoni mwa waliopata huduma za kawaida waliofikia hali hiyo walikuwa asilimia 31 tu. Winnipeg ilitofautiana na miji mingine kwa kuwa zaidi ya theluthi mbili ya washiriki wake walikuwa watu wa asili, na baadhi ya timu za huduma ziliendeshwa na mashirika yao wenyewe, likiwamo Ma Mawi Wi Chi Itata, lililoanzishwa mwaka 1984, ambalo jina lake linabeba maana ya watu wote kufanya kazi pamoja kusaidiana. Mashirika hayo yaliongeza katika njia ya New York jambo ambalo haikuwa nalo, yaani wazee, ibada, na juhudi za kuwatafuta jamaa waliopotezana, kwa kuwa njia iliyobuniwa kwa mtu mmoja mmoja katika chumba chake haikutosha kwa watu ambao jeraha lao kubwa ni kutengwa na wenzao.

Nyuzilandi inatoa mfano ambamo taasisi ya zamani ilitangulia na serikali ikafuata nyuma. Wamaori wana marae, yaani uwanja mtakatifu wenye jumba la mikutano na jiko kubwa, ambapo jamii hukutana kwa misiba, sherehe na mashauri, na ambapo kumpokea mgeni ni wajibu wa heshima. Katika majira ya baridi ya mwaka 2016, wakati familia za Auckland zilipokuwa zikilala ndani ya magari kwa sababu kodi zilikuwa zimepanda kupita uwezo wao, Te Puea Memorial Marae ya mtaa wa Māngere mjini humo ilifungua milango yake kwa kila aliyehitaji. Marae hiyo ina jina la Te Puea Hērangi, kiongozi wa Wamaori aliyefariki mwaka 1952, ambaye baada ya homa ya mafua ya 1918 aliwakusanya na kuwalea yatima. Familia zilipewa malazi na chakula, na badala ya kuambiwa zizunguke kutoka ofisi moja hadi nyingine, maofisa wa serikali ndio waliokuja kukaa marae na kushughulikia mahitaji yao hapo hapo. Kazi iliyoanza kama dharura ya msimu mmoja ikageuka kuwa mpango wa kudumu wenye mkataba na serikali.

Haki inadai, hata hivyo, kwamba matatizo yasifichwe, na mtaa wa Redfern wa Sydney, Australia, unafundisha hilo. Shirika la Aboriginal Housing Company lilianzishwa huko mwaka 1973 na wanaharakati wa asili, kwa ruzuku ya serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam, likanunua nyumba za eneo lililojulikana kama The Block, na kwa miaka mingi eneo hilo likawa moyo wa maisha ya watu wa asili mjini humo. Lakini fedha za ukarabati zilipungua, nyumba zikachakaa, dawa za kulevya zikaingia, na hatimaye nyumba hizo zikabomolewa. Shirika lilipopanga kutanguliza majengo ya biashara ili yagharimie makazi, wenyeji wengine wakiongozwa na Jenny Munro walipiga kambi ya maandamano kuanzia Mei 2014 wakidai kwamba nyumba za familia zitangulie, na kambi hiyo ilidumu hadi Agosti 2015, baada ya serikali ya shirikisho kukubali kuchangia fedha. Leo eneo hilo lina nyumba 62 za bei nafuu kwa watu wa asili pamoja na mnara wa malazi ya wanafunzi. Funzo lake ni kwamba uongozi wa wenyewe hauzuii mabishano ya ndani, wala hauwezi kuziba pengo la fedha, lakini unahakikisha kwamba mabishano hayo yanafanyika miongoni mwa watu wanaowajibika kwa jamii moja, na kwamba ardhi haikuondoka mikononi mwao.

Msingi wa kisheria wa madai haya upo. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, lililopitishwa mwaka 2007, linasema katika ibara yake ya 23 kwamba watu hao wana haki ya kushiriki katika kubuni mipango ya afya, makazi na uchumi inayowahusu, na kwa kadiri iwezekanavyo kuisimamia kupitia taasisi zao wenyewe. Nchi nne tu zilipiga kura ya kulipinga, nazo ni Kanada, Marekani, Australia na Nyuzilandi, yaani zile zile zinazotajwa katika mazungumzo haya, ingawa zote zilibadili msimamo miaka michache baadaye. Katika Afrika Mashariki Tanzania iliunga mkono, wakati Kenya na Burundi zilijizuia kupiga kura, jambo linaloonyesha kwamba swali la nani atambuliwe kuwa mtu wa asili halijapata jibu jepesi hata nyumbani. Kanada ilitunga mwaka 2021 sheria ya kulitekeleza azimio hilo, na bajeti yake ya 2023 ikaahidi dola bilioni 4 za nchi hiyo kwa miaka saba kwa makazi ya watu wa asili katika miji, vijiji na kaskazini, huku sehemu ya fedha za awali ikigawiwa kupitia taasisi ya kitaifa inayoongozwa na watu wa asili wenyewe.

Kutokana na hayo yote yanafuata mambo matatu ambayo serikali yoyote yenye nia njema haiwezi kuyakwepa. La kwanza ni kwamba fedha za kujenga bila fedha za kuendesha ni ahadi nusu, kwa sababu nyumba ya mtu maskini huhitaji ruzuku kwa muda wote ambao umaskini wake unadumu, na ruzuku hiyo haiwezi kuishia pale mkopo unapolipwa. La pili ni kwamba mafanikio yapimwe kwa vipimo ambavyo jamii husika inavikubali, kama vile mtoto kurudishwa kwa mama aliyepata nyumba au kijana kuujua ukoo wake, pamoja na idadi ya usiku ambao mtu amelala ndani. La tatu ni kwamba umiliki uende kwao kikweli, kwa hati za ardhi na viti vya bodi, kwa kuwa kualikwa kushauri juu ya mpango ambao mtu mwingine ana mamlaka ya kuufuta ni kubaki mpangaji katika jambo lako mwenyewe. Watu hawa walifanywa wakose makazi kwa sheria, bajeti na hati zilizotiwa saini na serikali, na kwa hiyo kuwarudishia makazi pamoja na mamlaka juu yake ni deni, na deni hulipwa kwa mwenye kudai.